Randa za Mkono wa Kushoto

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Karakanani, mtaani, hata msibani, watu walimwita Kobe, kwa sababu ya mwendo wake wa kazi. Mlango ambao fundi mwingine angeumaliza asubuhi na kwenda kunywa chai, yeye ungemkuta jioni bado anaupapasa kwa kiganja, kama mama anayepima homa kwenye paji la mtoto. Wenzake walimtania kwamba mteja akimwagiza Kobe kitanda cha harusi, ajiandae kukilalia na wajukuu. Kobe alicheka nao. Mwenda pole hajikwai, aliwajibu, na vitanda vyake havikulia usiku, jambo ambalo wake za watu walilishukuru bila kulisema.

Karakana yenyewe ilikuwa banda refu la mabati nyuma ya barabara ya maduka. Upande wa barabarani Tajiri alikuwa amejenga duka la vioo, kapeti chini na feni juu, la kuuzia samani. Upande wa nyuma mafundi walikula vumbi. Walitembea juu ya maranda yaliyofika vifundoni, wakanusa gundi mchana kutwa, na redio moja iliwaimbia wote iwapo betri iko hai. Mteja aliyesimama mbele akikisifia kiti hakujua kwamba nyuma ya ukuta kuna mtu anayekohoa kwa ajili ya kiti hicho. Ndivyo maduka ya vioo yalivyo, na sioni sababu ya kujifanya nashangaa.

Sasa Kobe alikuwa na mashoto. Kwa wengine hilo ni jambo la kuchekea mezani, lakini kwa seremala ni balaa la kila siku. Randa za kulainishia mbao zinazouzwa madukani zimechongwa kwa mtu wa mkono wa kulia. Kobe akizishika, mpini ulimchoma kiganjani na chuma kikala mbao pasipotakiwa. Mwaka wake wa kwanza alifunga kifundo cha mkono kwa kitambaa kila siku, na fundi mkuu wa wakati huo alimwambia arudi kwao akalime. Hakurudi. Alianza kujitengenezea randa zake.

Hapo ndipo inabidi nieleze desturi ya mafundi wale. Mbao nzima zilikuwa za Tajiri, hilo halikuwa na ubishi. Lakini masalio, vile vipande vilivyokatwa vikaanguka chini ya meza, vilikuwa vya yeyote aliyeviokota. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, walisema, na aliyeinama hakuulizwa. Wasioinama, masalio yao yalizolewa jioni yakaenda jikoni kwa watu kuwa kuni. Kila fundi alichonga mipini ya patasi zake, masanduku ya vyombo vyake, hata kigoda cha kukalia saa ya chakula, kwa vipande hivyo. Tajiri aliyaona yote na hakuwahi kusema neno.

Kobe aliinama kuliko wote. Alitafuta vipande vya ule mti mgumu mwekundu uliokuwa ukija zamani kwa ajili ya mihimili, akavikausha juu ya mabati ya nyumba yake mpaka vikanyamaza kujikunja. Chuma cha kukatia alikisaga mwenyewe kutoka kwenye springi ya gari bovu, aliyoinunua kwa jasho lake. Kisha akachonga saa za chakula, wenzake wakisinzia. Randa ya kwanza ilikuwa mbaya. Ya pili alimpa mkewe akaitie jikoni, na mama yule akaitia kweli, kwa kuwa hakuwa mtu wa kubembeleza sanaa. Baada ya hapo zikaja zilizokaa: ndefu ya kunyooshea, fupi ya kulainishia, na ndogo ya kona iliyotosha mfukoni. Kila mpini ulikuwa na mabonde ya vidole vyake, na mahali pa dole gumba palipochimbwa upande ambao mtu mwingine hana. Fundi mwingine akizijaribu, alizirudisha mezani akitikisa mkono. Kwa randa hizo Kobe alitengeneza milango ya nusu ya mji ule.

Kisha vyombo vikaanza kuibwa. Leo patasi, kesho msumeno, na baadaye mtu anakiona chombo chake kimetandikwa chini kwenye soko la vitu vilivyotumika, muuzaji akiapa kwamba ni urithi wa babu yake. Mafundi walikaa chini kulijadili. Aliyetoa shauri lililokubaliwa alikuwa Kobe, na ningependa sana iwe si yeye. Alisema mhunzi awatengenezee chuma chenye nembo ya karakana, lile duara lenye nyundo katikati lililochorwa mlangoni. Wakitie motoni, wachome kila chombo. Jina la fundi mmoja mwizi hulifuta kwa msasa, alisema, lakini nembo ya Tajiri kila mtu anaijua, na hakuna muuzaji atakayethubutu kuigusa. Ili wenzake wasisite, alichoma zake kwanza. Moshi ukapanda, harufu ikawa tamu, na wote wakapiga makofi. Wizi ulikoma kweli. Kwa miaka mingi Kobe alijivunia akili hiyo.

Nisimwonee huruma kupita kiasi, maana kuna habari ya Mrefu. Huyu alikuwa mpiga msasa, kijana wa watu, akagombana na Tajiri akaamua kuondoka. Kwenye begi lake alikuwa na msumeno aliokuja nao kutoka nyumbani, lakini ulikuwa umechomwa nembo kama vyombo vingine vyote. Mlinzi wa geti alisita, akamwita Kobe, kwa kuwa Kobe ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri. Kobe aliuangalia msumeno ule. Alijua ni wa nani. Ila alikuwa na kazi ya kumaliza, Tajiri alikuwa amesimama dirishani, na maneno yaliyomtoka yalikuwa haya: "Una nembo. Uache." Mrefu aliuacha. Kobe alirudi kwenye meza yake na hakulifikiria tena jambo hilo, au ndivyo alivyojiambia.

Binti yake wa pekee ndiye aliyemwasha moto. Alikuwa mwalimu wa somo la uraia katika shule ya sekondari, na nyumbani kila mtu alimwita Mwalimu, hata mama yake, ambaye kwa ajili hiyo alimwita mumewe Baba Mwalimu. Jioni moja alikuwa akiandaa somo kwenye meza ya chakula huku baba yake akimsikiliza.

"Kesho mnawafundisha nini?" Kobe akauliza.

"Haki ambazo mtu anazaliwa nazo, baba. Yaani kabla hakujawa na serikali wala sheria, mtu tayari ni wake mwenyewe. Mwili wake ni wake. Na kama mwili ni wake, basi mikono ni yake, na kazi ya mikono hiyo ni yake."

"Hata kama amezaliwa maskini?"

"Hata hivyo. Akichukua kitu ambacho hakuna anayekitaka, akakitolea jasho, kitu hicho kinakuwa chake. Hakuna wa kumnyang'anya, hata mfalme. Serikali yenyewe iliwekwa ili kumlindia."

"Nani aliwaambia hayo?"

"Wenye fikra, baba. Zamani sana."

"Walikuwa mafundi?"

Mwalimu akacheka. "Sidhani."

Mzee yule alikuwa amepewa sifa nyingi maishani, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba yeye ni wake mwenyewe. Neno lile lilimkaa. Alienda nalo kazini, akarudi nalo. Karakanani siku hizo Tajiri alikuwa ameacha mbao za kweli, analeta mabamba ya vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, na mafundi waliagizwa kuyabandika ngozi nyembamba ya mti ili mteja adhani amenunua kabati la mbao tupu. Kobe aliyafunika mabamba hayo kwa aibu, akijua kwamba masika mawili tu yatayafanya yavimbe. Akaanza kuota kibanda chake mwenyewe ubavuni mwa nyumba, mteja mmoja mmoja, mbao za kweli, na hakuna wa kumwambia adanganye.

Mkewe alimsikiliza huku akichambua mchele. "Uhuru ni kitu kizuri, Baba Mwalimu. Ila hauivi chunguni."

"Nina mikono yangu, Mama Mwalimu. Nina randa zangu."

"Haya," akasema mama, na alipokuwa akisema haya namna ile, maana yake ilikuwa utaona.

Asubuhi aliyoaga, Tajiri hakukasirika. Alikuwa mtu wa tabasamu, mwenye mkono laini na kalamu mfukoni. "Kobe, mzee wangu, mlango uko wazi. Mimi hapa sijamfunga mtu. Kila mtu yuko huru." Alimpa hata mkono. Kobe alizifunga randa zake kwenye turubai, akawaaga wenzake mmoja mmoja, akafika getini. Mlinzi akafungua turubai, kama ilivyo kazi yake, akaona duara na nyundo. Aliziangalia, akamwangalia mzee, akamwita Tajiri.

"Kobe," Tajiri akasema taratibu, "hizi zina nembo."

"Nilizitengeneza mimi, Tajiri. Uliniona kwa macho yako."

"Nilikuona. Kwa mbao za nani?"

"Masalio. Yalikuwa yanakwenda kuwa kuni."

"Kuni za nani? Na ulizichonga chini ya bati la nani?" Tajiri akangoja kidogo. "Na nani alizichoma nembo? Mimi sikumtuma mtu."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kobe akasema neno la mwisho alilokuwa nalo, na lilikuwa la kweli: "Zitakusaidia nini? Hakuna mwingine anayeweza kuzishika."

"Si lazima zinisaidie," Tajiri akasema. "Zikiwa zangu inatosha. Ukitaka kuzitumia, meza yako ipo. Njoo kesho, njoo hata leo mchana. Utazikuta hapo hapo."

Mzee alitoka mikono mitupu. Mwalimu aliposikia, hasira zilimpanda mpaka akashindwa kula. Ndiye aliyesisitiza waende kwenye ofisi ya kazi, kwa msuluhishi wa migogoro. "Baba, hili ni jambo la wazi," alisema. "Mtoto wa darasa la kwanza angelimaliza."

Msuluhishi alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye miwani na mafaili mengi mezani. Nasema mpole kwa sababu nilitamani awe mkatili, ili tuwe na wa kumlaumu. Aliwakaribisha viti, akawaagizia maji ya kunywa, akamsikiliza Kobe mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akamgeukia Tajiri.

"Unakubali kwamba huyu mzee ndiye aliyetengeneza?"

"Nakubali kabisa," Tajiri akasema. "Hata viti vyote dukani kwangu ametengeneza yeye na wenzake. Je, na viti ni vyake?"

Msuluhishi akaandika. Mwalimu akasimama. "Mama, samahani. Viti alilipwa ujira. Randa hakulipwa na mtu. Mbao zake aliziokota kwenye takataka akazitolea jasho. Mtu anazaliwa na mikono yake, na kinachotoka kwenye mikono hiyo ni haki yake kabla ya sheria yoyote."

"Kaa, mwalimu," msuluhishi akasema kwa sauti ya upole. "Hayo hata mimi nilisoma. Nilifaulu vizuri sana." Akavua miwani akaifuta. "Lakini hapa siulizwi mtu anazaliwa na nini. Naulizwa chombo kina nembo ya nani, na karakana hiyo ina utaratibu gani kuhusu nembo."

Tajiri alikuwa akisubiri swali hilo. Alieleza habari ya Mrefu na msumeno wake, kwa utulivu, bila kuongeza chumvi. Akamaliza kwa kusema kwamba aliyeamua siku ile, kwa kinywa chake, ni mzee huyu aliyekaa hapa.

"Ni kweli, mzee?"

Mwalimu alimwangalia baba yake. Alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo. Kobe angeweza kukana, na mlinzi wa siku ile alishakufa. Lakini hakuwa mtu wa uongo.

"Ni kweli. Nilimwambia auache."

"Msumeno ulikuwa wa nani?"

"Wa kwake."

Msuluhishi akasema anasikitika. Akasema anaamini kila neno la mzee, na kwamba hakuna aliyeuvunja uhuru wake, kwa kuwa anaweza kuacha kazi wakati wowote na kwenda popote. Randa zibaki karakanani. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, walisema wahenga, na pale walimpa yote: maji ya kunywa, kiti kizuri, na pole. Nje, Mwalimu alitembea hatua chache mbele ya baba yake mpaka nyumbani, na hakumuuliza lolote kuhusu Mrefu. Afadhali angemuuliza.

Huenda unajiambia, si angetengeneza nyingine? Alijaribu. Ule mti mwekundu haukuwa ukipatikana tena ila kwa magogo mazima, kwa wenye malori na vibali, na masalio yake yalikuwa yakianguka chini ya meza ambazo Kobe hakuruhusiwa tena kuzikaribia. Alichonga randa kwa mbao laini, na baada ya milango michache tumbo la randa likalika, likawa na shimo kama la sabuni iliyotumika. Akanunua ya dukani, ya mkono wa kulia, na kifundo chake kikavimba kama mwaka ule wa kwanza, tofauti ni kwamba sasa hakuwa kijana. Wateja wa kwanza walikuja kwa sababu ya jina. Waliona kazi, wakasema asante mzee, na hawakurudi. Mkewe hakumwambia nilikuambia. Alimkanda mkono kwa maji ya moto.

Kurudi kwa Tajiri hakutaka, na hapo alikuwa mkaidi kama jina lake, shingo ndani ya gamba. Basi akawa mbebaji. Kwenye barabara ile ile ya maduka, wapo wanaume wanaosimama wakingoja mteja aliyenunua kitanda au friji, wambebee mpaka kwenye gari. Kobe akasimama nao. Mikono yake ilikuwa bado ni yake, hakuna aliyebisha, na kwa kuwa ilikuwa yake aliruhusiwa kuikodisha kwa yeyote. Somo la Mwalimu lilikuwa sahihi kabisa hadi hapo.

Kwa muda mrefu alilikwepa duka la vioo. Alikuwa akisimama upande wa pili wa barabara, akigeuza uso. Siku moja mchana mama mmoja mwenye haraka alitoka humo akamwita kwa kidole, na wabebaji wengine wote walikuwa wameshachukuliwa. Mzee akavuka barabara, akavua ndala mlangoni, akaingia kwenye kapeti.

Kabati la yule mama lilikuwa limeegemezwa karibu na meza ya malipo, zito, limebandikwa ngozi ya mti juu ya vumbi. Ukutani nyuma ya meza kulikuwa na rafu ndogo yenye taa yake. Juu yake zilikuwa zimepangwa randa tatu: ndefu, fupi na ya kona. Zilikuwa zimepakwa vanishi, hata tumboni, mahali ambapo hakuna fundi mwenye akili angepaka. Ziling'aa.

"Nzuri hizi," mama mteja akasema, akinyanyua ile fupi. "Mnauza?"

"Hapana, mama. Ni za maonyesho," akajibu binti wa mauzo. Alikuwa mgeni pale, hakumjua Kobe. "Ni za tajiri wetu. Alianza kama fundi, hizi alizichonga kwa mikono yake mwenyewe. Anapenda wateja wajue alikotoka."

"Maskini, ametoka mbali." Mama akaigeuza randa, akajaribu kuushika mpini, ukamkataa. "Mbona haishikiki? Kumbe tajiri wenu ana mashoto?"

Binti akafikiri. Alikuwa amemwona Tajiri akisaini stakabadhi kwa mkono wa kulia asubuhi ile ile. "Labda zamani," akasema.

Simu ya mama ikalia. Alitazama huku na huku, akamkabidhi randa aliyekuwa karibu. "Hebu nishikie, baba."

Kobe akaipokea. Vidole vilikwenda vyenyewe kwenye mabonde yake, dole gumba likalala mahali pake, na kifundo kilichokuwa kikimuuma tangu mwaka juzi kikatulia. Mama, simu sikioni, akamwona. "Ee," akasema, "wewe imekukaa."

Kobe akafungua kinywa. Yote yalikuwa pale ulimini: springi ya gari, mabati ya nyumba, saa za chakula. Lakini binti wa mauzo alikuwa ameshazunguka meza. Aliichukua randa kutoka mkononi mwake taratibu, kwa heshima zote anazopewa mzee, akaifuta alama za vidole kwa kitambaa na kuirudisha kwenye rafu.

"Samahani mzee, hizi haziguswi."

"Samahani, mwanangu," Kobe akasema. "Sikujua." Kisha akaingiza bega chini ya kabati, akalinyanyua.